Jinsi Tulivyomnenepesha Malkia

Wajukuu zangu mnaofuga kwa kutazama simu, sogeeni hapa tucheke kwanza. Wiki iliyopita binti wa jirani yangu hapa Kitendaguro alinijia mbio, sungura amemfunga kwenye khanga, pumzi juu juu. "Bibi Adventina, huyu ana watoto wa siku nne. Nimpe nini anenepe?" Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mtoto wa watu akanuna, akadhani namdharau. Nikamwambia hapana mwanangu, najicheka mwenyewe, kwa sababu swali lako ndilo nililoingia nalo kazini, na nusura linifukuzishe.

Nilistaafu mwaka juzi. Maisha yangu yote ya kazi nimelisha sungura katika kituo cha mafunzo ya ufugaji kule Nyanga, na katika hao wote, wanaonyonyesha ndio walionizeesha. Dume ukimpa nyasi na maji, mmemalizana. Lakini mama anayenyonyesha, lo! Leo anakula utadhani anashindana na mtu, kesho ananusa tu na kukupa mgongo. Watoto wake anawanyonyesha mara moja kwa siku, mara mbili akijisikia, dakika chache tu, kisha anaruka nje ya sanduku la kuzalia na kukaa mbali nao kana kwamba ni watoto wa jirani. Niliwahi kumkamata mmoja nikamrudisha sandukuni kwa nguvu, huku nikimhubiria wajibu wa mama. Alinipiga teke la mkono, alama ninayo mpaka leo, na watoto wenyewe walikuwa wameshiba tangu alfajiri.

Basi shikeni hili kabla sijapotelea kwenye hadithi. Sungura halishwi kwa macho, maana manyoya yanadanganya. Pitisha vidole mgongoni mwake. Mifupa ikikukwaruza, amekonda, ongeza chakula. Ukiihisi kwa mbali chini ya nyama, hapo umepatia. Ukiitafuta usiipate, mpunguzie haraka. Kisha mpime kila wiki, siku ileile, kabla hajala, na uandike. Akiwa na mimba usimjaze. Akizaa, siku mbili tatu za mwanzo mpe kwa kiasi, halafu ongeza polepole kadiri watoto wanavyokua, mpaka wiki ya tatu ambapo maziwa ni mengi na yeye anakula karibu maradufu. Maji yasikatike hata saa moja. Watoto wakianza kutafuna wenyewe, unapunguza tena. Leo nayasema haya kwa pumzi moja, lakini yaliniingia kichwani kwa machozi.

Mwalimu wangu alikuwa Ta Projestus, mzee mrefu wa Muleba aliyelinda maneno yake kama mtu anayelinda mbegu. Ta ni neno letu la kumheshimu mwanamume aliye sawa na baba, na yeye lilimkaa vizuri. Alikuwa na mizani ya ndoano iliyotoka kwa wanunuzi wa samaki wa kisiwa cha Bumbire. Tulimtia sungura kwenye kikapu, tukakitundika kwenye ndoano, na kila sungura akifika pale juu alipiga chafya, maana mizani ile haikuacha kunuka sangara hata tuioshe kwa majivu. Nyie leo mna mizani za betri zinazosoma mpaka gramu, na chakula cha punje kilichopimwa tayari ndani ya mfuko. Nawaonea wivu, sifichi. Ila betri ikiisha mnakaa mnatazamana. Vidole haviishi betri.

Siku ya kwanza kazini nilikuwa na mtoto wangu wa kwanza mgongoni, wa miezi mitatu. Mume wangu alikuwa mvuvi Bumbire, akija nyumbani anakaa siku mbili anaondoka. Nilichukuliwa kwa majaribio tu, na niliitaka kazi ile kwa roho yangu yote. Ilikuwa kitu changu cha kwanza duniani ambacho sikupewa na baba wala mume.

Bahati yangu mbaya, sijamaliza hata mwezi, ugonjwa ukapita bandani ukafagia. Tulizika sungura mpaka Ta Projestus akakataa kuwaimbia tena wimbo wa mazishi. Alibaki jike mmoja mweupe, mnene kidogo, mwenye madoa meusi puani, na alikuwa na mimba. Tulimwita Malkia. Mkuu wa kituo, Mwalimu Speransia, mama mkali aliyetembea na rula hata kanisani, alikuja akasimama mlangoni akatazama vizimba vitupu.

"Hapa nitaweka kuku," alisema.

Ta Projestus alimwomba, na siku hiyo alitumia maneno ya mwaka mzima. Wakakubaliana hivi: Malkia azae. Watoto wakifika wiki moja wakiwa hai, na mama yao anakula, banda linabaki la sungura na mimi nabaki nalo. Wasipofika, fundi atakuja na mbao za viota vya kuku, na kuku tayari walikuwa na mtu wao. Nilimtazama Malkia. Alikuwa anajikuna sikio, hana habari kwamba amebeba ajira yangu tumboni.

Sasa niwaambie kuhusu mama mkwe wangu, Ma Leonida. Mwanamke yule alijua kulea mzazi. Mnajua desturi yetu: mwanamke akijifungua haguswi na kazi. Anakaa ndani, analetewa ebitoke, ndizi zetu za kupika, vilivyoiva vikalainika, supu, maziwa, uji, na akisema ameshiba anaambiwa bado. Wageni wanakuja na mikono iliyojaa. Mimi mwenyewe nilitoka katika uzazi wangu nimenenepa mpaka mume wangu aliporudi kutoka kisiwani alinipita mlangoni akauliza Adventina yuko wapi. Mtoto wangu alikuwa na mashavu hayo! Kwa hiyo Ma Leonida aliposikia kwamba kazi yangu inamtegemea mjamzito mmoja, alikunja mikono ya gauni.

"Mwanangu, hilo tu? Mnamlisha nini huyo?"

"Majani, mama. Matembele, mchunga, nyasi, na pumba kiganja kimoja."

"Mawe!" alishangaa kwa Kihaya. "Mjamzito? Majani?" Alinitazama kama niliyemlaza mgeni nje. "Ndiyo maana wengine walikufa."

Ta Projestus angekuwepo angetuzuia, lakini alikuwa ameitwa kwao Muleba kwenye msiba wa kaka yake, akaniachia maagizo manne: majani yanyauke kwanza, pumba kiganja kimoja, maji, na mpime. Nilitii agizo la nne kwa furaha kubwa. Matatu ya kwanza tuliyafanyia marekebisho. Ma Leonida alikuja kila asubuhi na sufuria iliyofunikwa. Ndizi mbivu zilizopondwa. Ebitoke vilivyopoa. Unga wa mahindi uliolowekwa. Malkia alikula vyote na kulamba ubao, na mimi nilikuwa namtundika kwenye ndoano, anapiga chafya, nasoma, napiga kelele, "Mama, ameongezeka tena!" Tulikumbatiana pale bandani. Nilidhani yote yale ni watoto.

Majirani nao walisikia kuna mzazi anayetunzwa Nyanga. Wengine hawakuuliza ni mzazi wa aina gani, wakaja na ndizi zao. Mama mmoja alifika amevaa kitenge kipya, akaingia, akamwona Malkia. Kisha akapiga goti kama kawaida. "Kasinge waitu," alimpongeza kwa heshima kama anavyopongezwa mzazi yeyote, akaweka ndizi chini. Adabu ni adabu.

Ta Projestus alirudi siku moja kabla Malkia hajazaa. Hakunisalimia. Alipitisha vidole mgongoni mwa Malkia, akarudia tena, akarudia mara ya tatu.

"Adventina, mgongo uko wapi?"

"Ameongezeka, Ta," nilisema kwa majivuno. "Nimeandika."

Alisoma daftari langu ukurasa kwa ukurasa. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akashika kichwa.

Alinieleza taratibu, na nyie sikilizeni. Tumbo la sungura ni kinu kinachohitaji nyasi ili kizunguke. Ukilijaza wanga na sukari, kinu kinasimama. Na akinona kabla ya kuzaa, siku ya kuzaa anakataa chakula, mwili unaanza kujila mafuta yake wenyewe, anadhoofika, na maziwa hayaji. Yaani tulikuwa tumemnenepesha ili anyonyeshe, na unene huohuo ndio utakaomnyima maziwa. Nilipomweleza Ma Leonida, alichukua sufuria yake akarudi nayo nyumbani kabla haijafunuliwa.

Kesho yake Malkia alizaa watoto wanane. Aling'oa manyoya akawafunika vizuri, kisha akajikunja kwenye kona na hakula. Ndizi hakutaka. Pumba hakutaka. Chini ya kizimba chake, samahani kwa neno hili, hapakuwa na mavi hata punje moja, na kwa sungura hiyo ni hatari kuliko homa. Watoto waliponyonya hawakupata kitu. Mtoto wa sungura aliyeshiba ana tumbo la mviringo, ngozi imevutika inang'aa. Wetu ngozi ilikuwa imekunjamana kama soksi kubwa mguuni.

Tuliwapa maziwa ya mbuzi kwa tone, kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Nusu yaliingia puani. Siku ya pili walikufa wawili na nililia bila haya. Ma Leonida akanitazama kifuani, akamtazama mtoto wangu aliyelala ameshiba, akasema taratibu, "Mwanangu, wewe si unayo ya kutosha?"

Msicheke. Nilifikiria kweli. Nilikuwa naanza kufungua kifungo ndipo Ta Projestus akakohoa kutoka mlangoni.

"Adventina, ukifanya hivyo watakuita mama, na mimi nitaulizwa na mumeo."

Tulicheka wote watatu, kicheko kile cha watu waliochoka, mpaka mtoto wangu akaamka akalia. Lakini Malkia alikuwa palepale kwenye kona yake.

"Anataka nyasi kavu tu," alisema Ta Projestus. "Nyingi, nzuri, na maji. Hizo ndizo zitakazosukuma kinu. Na jikoni kwa mama mkwe wako hakitoki kitu tena."

Tatizo ni mvua. Mnaijua mvua ya Bukoba. Ilikuwa imenyesha siku sita bila kupumua. Nyasi zote za rweya, ule uwanda wetu nje ya vibanja, mashamba yetu ya migomba, zilikuwa zinachuruzika maji, na nyasi mbichi zenye maji kwa tumbo lililosimama ni kumalizia kazi. Akiba ya bandani ilikuwa imeota ukungu. Tulizunguka Nyanga nzima, mimi na Ta Projestus, tumejifunika majani ya mgomba, tukigonga mlango mmoja baada ya mwingine. "Hodi, mna nyasi kavu?" Watu walitusikitikia. Hakuna aliyekuwa nazo. Mwenye ng'ombe alituonyesha zake, zilinuka uvundo. Tulichoka tukaingia nyumbani kwa Ma Leonida kukausha nguo. Tukavua viatu mlangoni, tukaketi chini, akatupa kahawa, tukaanza kupanga nani aende mpaka Muleba kutafuta nyasi kavu.

Mmeshagundua? Nyie mmegundua kwa sababu nawahadithia. Sisi tulikaa pale saa nzima. Sakafu nzima ya Ma Leonida ilitandikwa nyasi laini za rweya, kavu, safi, zenye harufu nzuri, kimo cha kidole, kama inavyotandikwa nyumba yoyote ya Mhaya anayejiheshimu. Tulizikalia tukilalamika hakuna nyasi. Ta Projestus alikuwa na unyasi mmoja mdomoni anautafuna huku akifikiri nyasi zitatoka wapi. Ila kwetu zile hazikuwa nyasi. Zile zilikuwa zulia, heshima ya nyumba, kitu cha kumwekea mgeni, na kichwa cha Mhaya hakiwezi kuliona zulia kikawaza chakula. Tukamaliza kahawa, tukashukuru, tukatoka mvuani kuendelea kutafuta.

Siku ya tano asubuhi nilimkuta Ma Leonida bandani kabla yangu. Alikuwa amebeba mzigo mkubwa wa nyasi kutoka kwenye dari ya jiko lake, alikokuwa ameziweka zikauke juu ya moshi kwa ajili ya sikukuu. Alikuwa anatandika sakafu ya banda, mkono kwa mkono, kwa ustadi. Alikuwa amemtoa Malkia kwenye kizimba cha waya akamlaza chini kwenye kona.

"Mama, Ta amekataza vitu vya jikoni kwako," nilisema.

"Amekataza chakula. Hajakataza zulia." Hakuinua kichwa. "Huyu ni mzazi. Mimi ndiye niliyemponza. Kama anakufa, hafi kwenye sakafu tupu kama asiye na watu."

Nikaona analia. Nikapiga magoti nikamsaidia kutandika. Tulikuwa tumefika karibu na kona niliposikia kitu kinatafunwa. Kratu, kratu, kratu. Malkia alikuwa amenyoosha shingo na anakula zulia.

Ma Leonida alitaka kumzuia, Mungu amrehemu! Desturi ni desturi. "Shh! Anakula sakafu ya wageni!" Nikamshika mkono wake kwa nguvu zangu zote. Tukabaki tumepiga magoti, hatupumui, tukimtazama anavuta unyasi mmoja, anaumaliza kama uzi unaoingia cherehani, anavuta mwingine. Ta Projestus alipoingia alisimama palepale. Alitazama nyasi, akamtazama Malkia, akatazama matako ya suruali yake mwenyewe ambamo zilikuwa zimenasa nyasi mbili tatu za nyumbani kwa Ma Leonida. Akakaa chini taratibu akacheka mpaka machozi, mzee yule asiyecheka.

Malkia alikula siku nzima na kunywa maji. Alasiri nilimwinua, na chini yake, kwenye zulia, kulikuwa na punje tatu. Mviringo, kavu, nzuri. Nilizichukua mkononi nikatoka nje nikikimbia. "Amekunya! Amekunya!" Ma Leonida alipiga kigelegele kilichosikika barabarani, na majirani, ambao sasa walimjua mzazi wetu, wakapokea kutoka vibanjani bila kuuliza. Nimehudhuria harusi nyingi, wajukuu zangu. Sijawahi kusikia vigelegele kama vile.

Kulipokucha, siku ya sita, niliingiza mkono sandukuni huku nimefumba macho. Manyoya, joto, kisha tumbo. La mviringo, gumu, limejaa. La pili, la tatu, mpaka la sita. Walikuwa wamenyonya. Nilikaa kwenye zulia la Malkia nikalia, mtoto wangu naye akalia kwa kunifuata, na Ma Leonida akatuambia sote tunyamaze tusimshtue mzazi.

Kesho yake wiki ilitimia, na Mwalimu Speransia akaja. Rula mkononi, na nyuma yake fundi mwenye msumeno na mbao begani. Alikanyaga kizingiti akaona sakafu, akashangaa. Mimi nilikuwa nimejiandaa kumsomea daftari la mizani, nikasahau hata daftari liko wapi.

Ma Leonida hakuinuka. Alikuwa ameketi karibu na Malkia, miguu ameinyoosha, khanga imekaa sawa, kama anavyokaa mwanamke anayempokelea mzazi wageni.

"Viatu, waitu," alisema kwa upole.

Mwalimu Speransia alikuwa mkali, lakini alikuwa Mhaya kama sisi. Alivitazama viatu vyake. Alizitazama nyasi. Niliona mkono wake unapigana na nafsi yake, kisha akainama akafungua kamba. Akaingia pekupeku, akaketi chini, na fundi akabaki nje na mbao zake. Ma Leonida alinyoosha mkono sandukuni, akatoa mtoto mmoja, akamweka kwenye mapaja ya mkuu wa kituo. Mtoto alipinda shingo, akageuka chali, na tumbo lake lile la mviringo likaangalia juu.

Mwalimu Speransia aliligusa kwa kidole. Akamtazama Malkia anavyotafuna. Sisi tulijua wote, na yeye alijua kuliko sisi, kwamba mtu akishavua viatu akaketi kwenye nyasi za mzazi amekuwa mgeni wake, na mgeni hamtoi mzazi nyumbani kwake. Mgeni anauliza kinachohitajika.

"Kasinge," alisema mwishowe, sauti chini. "Mzazi anahitaji nini?"

"Nyasi kavu, waitu," nilijibu. "Nyingi."

Akageuza kichwa kuelekea mlangoni, akamwambia fundi aweke msumeno chini aende akatafute mundu.